Mtu Mmoja Ajuaye Kila Kitu: Kisa cha Mlezi wa Mgonjwa wa Mieloma, Likoni

Kisa hiki kililetwa kwangu kama ugomvi wa mawifi. Muuguzi wa wadi alikuwa ameandika kwenye karatasi ya rufaa: "Mgogoro wa familia, wanagombana mbele ya mgonjwa." Mgonjwa mwenyewe, mama wa miaka sabini na ushei ambaye nyumbani wote humwita Bi Mkubwa, alikuwa amelazwa kwa sababu figo zake zilishuka ghafla. Bintiye anayemuuguza alikuwa akimshutumu mke wa kaka yake kwamba nusura amuue mama. Wifi naye alikaa kwenye benchi la nje, mtandio usoni, analia na haingii ndani.

Mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha, na mengine nimeyachanganya kutoka familia nyingine nilizohudumia nikiwa afisa wa ustawi wa jamii hapa Mombasa. Mwenendo wa kisa ni ule ule.

Mieloma ni saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, katika seli za plazma, zile ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Zikiharibika huongezeka ovyo. Husongamana ndani ya mifupa na kuidhoofisha, huzuia damu isitengenezwe vizuri, na hutoa protini zinazoziba vijia vya figo. Huwapata zaidi wazee, na takwimu za Marekani zinaonyesha kuwa watu weusi huipata takriban mara mbili kuliko weupe. Kwa Bi Mkubwa ilianza kama maumivu ya mgongo. Mwaka mzima alichuliwa, akapewa dawa za baridi yabisi, akaambiwa ni uzee. Siku moja maji yalipokatika mtaani (jambo ambalo kwa Likoni si habari) akainua mtungi, pingili ya mgongo ikabonyea. Vipimo vikaonyesha damu iko chini na figo zimeanza kuchoka, na hapo ndipo daktari alipoagiza kipimo cha uboho.

Majibu alipewa binti, ukumbini, mama akiwa kwenye kiti cha magurudumu hatua chache tu kutoka hapo. Kaka mkubwa, aliye Doha, akaamua kwa simu: Bi Mkubwa asiambiwe. Kaka wa pili, karani wa kutoa mizigo bandarini, akaunga mkono. Mjomba akasema kwamba neno kansa humuua mtu kabla ya kansa yenyewe. Binti akarudi nyumbani na mfuko wa dawa mkono mmoja, na siri ambayo hakuiomba.

Tiba ilikuwa sindano ya dawa ya saratani iitwayo bortezomibu, chini ya ngozi mara moja kwa wiki, vidonge vya siklofosfamidi, asiklovia ya kukinga mkanda wa jeshi, na deksamethasoni, ambayo nyumbani ilifupishwa ikawa "deksa". Deksa ndiyo iliyotawala wiki yao. Ilikuwa vidonge vitano vya miligramu 4 kwa mkupuo mmoja, Jumanne asubuhi baada ya chai, basi, mpaka Jumanne nyingine. Usiku wa Jumanne Bi Mkubwa halali. Huamka akatoa nguo zote kabatini na kuzikunja upya, akauliza nani kaharibu sufuria yake ya pilau, akamwambia binti maneno ambayo mama huyu, kwa maelezo ya kila anayemjua, hakuwahi kumwambia mtu. Kufikia Alhamisi nguvu zimemwishia, hataki kula wala kusema. Dawa hii inajulikana kwa mambo hayo: hufukuza usingizi, hupandisha hasira na sukari, kisha ikitoka mwilini humwacha mtu ameporomoka. Binti hakuwa ameambiwa. Aliamini kwamba mama amemchukia.

Kazi ya binti ni mahamri na mbaazi. Unga hukandwa usiku, na saa kumi alfajiri ni kusukuma, kukata na kukaanga. Jumatano alikuwa akikaanga bila kulala. Jumanne hakuwa akiuza kabisa, maana ni siku ya kuvuka kwenda hospitalini kwa sindano. Feri ya Likoni ni bure kwa mwenda kwa miguu, lakini mgonjwa mwenye pingili iliyobonyea hawezi kuachiwa asukumwe na umati wa saa moja asubuhi kwenye mteremko wa gati. Wangengoja umati upungue, wafike hospitalini wamechelewa, wawe wa mwisho kwenye foleni, warudi jioni umati ukiwa umejaa tena upande wa pili. Tuktuk ng'ambo hii, tuktuk ng'ambo ile. Gharama hizo hazimo katika bima ya mtu yeyote.

Kisha ikaja Ramadhani. Mgonjwa wa mieloma anatakiwa anywe maji mengi, kwa kawaida lita mbili au tatu kwa siku isipokuwa daktari aseme vingine, ili figo zisafishe zile protini. Bi Mkubwa alitaka kufunga. Alikuwa na hoja nzuri, tena ya dini: Qurani imemruhusu mgonjwa kula, lakini yeye ana baridi yabisi tu, na baridi yabisi si sababu ya mtu kuacha Ramadhani. Binti atajibu nini? Akisema "daktari kakataza", mama anauliza kwa nini. Akinyamaza, mama anafunga. Wakavutana mwezi mzima. Baadaye ilijulikana kwamba Bi Mkubwa alikuwa akipokea kikombe, anashukuru, halafu anakimwaga kwenye chungu cha mrehani dirishani. Mrehani ule, nimeambiwa, ulistawi Ramadhani ile kuliko wakati wowote.

Baada ya Idi pakatokea msiba Malindi, upande wa marehemu baba. Binti hakuweza kukosa. Wifi akaja kukaa na mama kwa siku mbili, kwa hiari yake, akiacha watoto wake kwa jirani. Usiku wa kwanza mgongo ukauma sana. Wifi akampigia binti simu kuuliza dawa ziko wapi. Jibu, na hili wote wawili wamelikubali, lilikuwa: "Usiguse kitu, narudi kesho kutwa." Mgonjwa analia kwa maumivu, mtu ameambiwa asiguse kitu. Wifi akaenda duka la dawa la pale pale mtaani, akanunua Brufen, akampa, mama akapata nafuu. Siku ya pili akampa tena.

Brufen, diklofenaki na ndugu zao hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kwa mtu mzima wa afya mara nyingi haina madhara makubwa. Kwa figo ambazo tayari zimezibwa na protini za mieloma ni hatari. Sindano ya Jumanne haikupigwa, Bi Mkubwa akalazwa, na wifi akaitwa muuaji kwenye grupu la WhatsApp la familia, mbele ya shangazi, binamu na kaka wa Doha.

Pale wadi kila mtu alitaka nizungumze na wifi. Kwa maoni yangu wifi ndiye aliyekuwa na kosa dogo kuliko wote. Alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya kwa kujua kile alichojua, na alichojua ni sifuri. Haikuwepo karatasi hata moja ndani ya nyumba ile yenye jina la ugonjwa. Haikuwezekana iwepo, kwa kuwa Bi Mkubwa anajua kusoma. Siri iliyowekwa kumlinda mama ndiyo iliyoficha katazo la Brufen.

Nilipokaa na binti peke yake, nilitumia kwanza hojaji ya Zarit, ambayo hutumika sehemu nyingi duniani kupima mzigo wa walezi. Ina maswali 22, kila moja likijibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 4. Alijibu sifuri karibu kote. Je, unahisi kuelemewa? Hapana. Je, unatamani mtu mwingine angechukua kazi hii? Astaghfirullah. Sikushangaa. Ukimuuliza mwanamke wa Pwani kama mamake ni mzigo, umemwuliza kama anataka radhi za mama au hataki. Hojaji ni chombo kizuri, lakini kwa watu wetu inafaa ije nyuma ya maswali mengine. Nikaiweka kando, nikamwuliza mara ya mwisho kulala usiku mzima ilikuwa lini. Akacheka. Nikamwuliza presha yake imepimwa lini, muuguzi akaleta mashine, na presha ya binti ikaonekana iko juu kuliko ya mgonjwa.

Halafu nikamwomba anieleze dawa za mama, moja baada ya nyingine. Hapo alibadilika kabisa. Alizitaja zote bila kutazama popote: ipi kabla ya chakula, ipi baada, ipi siku gani, ipi ilibadilishwa lini na kwa nini, nani anapokea simu pale famasi, ruhusa ya SHA (mamlaka ya bima ya afya ya taifa) inachelewa siku gani ya juma. Alijua kwamba homa ikifika 38 hawangoji asubuhi, kwa maana kinga ya mwili ni dhaifu. Alijua kwamba chai ya kijani ambayo binamu alituma kwa upendo haitakiwi na bortezomibu, maana majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kiungo kimojawapo cha chai hiyo huizuia dawa isifanye kazi. Ile pakiti akaificha na kusema imeshanywewa. Majani ya mstafeli nayo hivyo hivyo.

Mwanamke huyu alikuwa faili pekee la mgonjwa nyumbani. Kuosha, kupika, kuvuka feri, hata kukesha, hivyo vyote ndugu wangeweza kugawana, na kwa kweli walikuwa wameshajitolea. Kaka wa Doha alituma pesa kila mwezi. Shangazi alileta uji. Kila mmoja alisema "ukihitaji chochote niambie". Lakini kumwambia mtu afanye nini kulihitaji kwanza kumweleza sababu, na sababu yenyewe ilikuwa siri, au ndefu mno kuelezwa kwa simu na mtu ambaye hajalala. Ilikuwa rahisi kufanya mwenyewe. Uchovu wake ulitoka hapo, naye hakuuhesabu kuwa uchovu, ndiyo sababu hojaji haikuuona.

Kwa hiyo sikuanza na kikao cha upatanisho walichokitaka. Nilianza na Bi Mkubwa. Daktari wa damu alikubali kukaa nami kitandani pake, na akamwuliza kwanza yeye anajua nini kuhusu maradhi yake, na angependa kujua nini zaidi. Utaratibu huu wa kuuliza kabla ya kusema ni wa kawaida katika tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na unamwachia mgonjwa haki ya kusema "sitaki kujua". Bi Mkubwa alimtazama daktari kwa muda. "Baridi yabisi gani hiyo, mdungaji avae glavu mbili?" Alikuwa amejua tangu sindano ya pili. Alikuwa ameona vichwa vya wenzake visivyo na nywele kwenye benchi na kusikia mazungumzo yao. "Nilinyamaza kwa kuwa yule mtoto alijitahidi sana nisijue." Daktari alipomweleza habari ya figo na maji, alikasirika kidogo: "Hili mngenambia tangu Shaabani."

Si kila mzee atajibu hivyo. Nimeona mgonjwa aliyesema waziwazi kwamba habari zote apewe mwanawe mkubwa na yeye aachwe na dua zake, na hilo nalo liliheshimiwa. Kinachonisumbua ni uamuzi huo kufanywa na watu walio Doha na bandarini, huku anayeulinda uwongo saa ishirini na nne akiwa mtu mmoja ambaye hakupigiwa kura.

Kikao cha familia kilifanyika nyumbani Likoni, Jumapili baada ya alasiri, mjomba akiwa mwenyekiti na kaka wa Doha kwenye simu iliyoegemezwa kwenye birika. Mjomba alianza kwa nasaha ndefu juu ya subira. Nilimwacha amalize, kwa sababu bila yeye hakuna litakalopita katika nyumba ile. Kisha nikaomba jambo moja: asiruhusiwe mtu kusema "nitasaidia". Kila mtu ataje kazi na siku.

Kaka wa bandarini alichukua SHA. Huu ulikuwa mgao bora kuliko yote, na nilishangaa kwamba hakuna aliyeufikiria. Mfumo ulipoanza Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kiliwekwa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka: 400,000 kutoka hazina ya bima ya afya ya jamii, na 150,000 kutoka hazina ya dharura na magonjwa sugu baada ya ile ya kwanza kwisha. Kwa tiba ya kila wiki, kiasi hicho kinahitaji mtu wa kukiangalia kinavyopungua, kufuatilia ruhusa kabla ya siku ya sindano, na kuhakikisha mchango wa mwaka umelipwa. Mtu aliyezoea kufuata makontena yaliyokwama forodhani hababaishwi na ruhusa iliyokwama kwenye kompyuta. Wiki ya pili tu alikuwa na jedwali lake.

Kaka wa Doha aliombwa abadilishe namna ya kutoa. Badala ya kutuma pesa "za mama", atume nauli ya tuktuk ya kila Jumanne, na kiasi cha kufidia mauzo ya mahamri ya siku hiyo kwa jina la dada yake. Hapa palikuwa na kimya kizito. Kumlipa dada kwa kumuuguza mama kulisikika vibaya masikioni mwa wengi, na shangazi alisema hivyo. Bi Mkubwa ndiye aliyelimaliza, kutoka kitandani: "Yule hali mahamri ya hewa."

Usiku wa deksa ulikwenda kwa mjukuu, mtoto wa wifi, anayesoma chuo na ambaye kwa vyovyote halali kabla ya saa tisa. Hukaa na bibi yake Jumanne usiku, yeye na kompyuta yake, bibi na kabati lake la nguo. Daktari tayari alikuwa ameagiza deksa imezwe asubuhi mapema kadiri iwezekanavyo, ambayo husaidia kidogo. Lakini kilichomsaidia binti zaidi ni kuelezwa, mbele ya wote, kwamba maneno makali ya usiku ule yana siku na saa zake, na yanatokana na dawa. Alimtazama mama, mama akatazama pembeni.

Wifi aliandika daftari. Nilipendekeza yeye kwa makusudi, na binti hakufurahi. Walikaa wawili jikoni, mmoja akisema, mwingine akiandika, saa nzima kwa daftari la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu: "USIMPE: Brufen, diklofenaki, wala dawa yoyote ya maumivu ya dukani bila kupiga simu." Chini yake, dawa ya maumivu aliyoruhusiwa na daktari, na kiasi chake. Ukurasa wa pili, juma zima, siku kwa siku. Wa tatu, homa 38, kukojoa kupungua, miguu kufa ganzi au kukosa nguvu ghafla (kwa mgonjwa wa uti wa mgongo hiyo ni dharura, inaweza kuwa mishipa imebanwa), na nambari za kupiga. Daftari linaning'inia kwa uzi kwenye msumari wa mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu yeyote anayefika na uji wake anaweza kulisoma.

Mengine hayakufaulu. Nilimwelekeza binti kwenye mkutano wa walezi. Ulikuwa asubuhi ya siku ya kazi, saa ambazo yeye yumo karaini. Alikwenda mara moja. Nilipotaja Coast Hospice, kituo cha tiba shufaa, mjomba alisimama, akidhani tunamtayarishia dadake kaburi. Ilibidi daktari aeleze kwamba tiba shufaa inaweza kwenda sambamba na sindano, na kwamba hushughulika na maumivu ya mgonjwa na hali ya familia tangu mapema. Waliafiki baadaye, kwa sababu ya maumivu, na muuguzi wa huko akamwonyesha wifi namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumpinda mgongo.

Figo za Bi Mkubwa zilirudi kwa kiasi, si zote, na sindano zikaendelea. Mieloma kwa kawaida haiponi kabisa. Hutulizwa, mara nyingi kwa miaka, kisha hurudi na dawa hubadilishwa. Hilo nalo limeandikwa daftarini, kwa maneno ya Bi Mkubwa mwenyewe, aliyetaka liwepo ili watu waache kumwuliza anamaliza lini. Wifi na binti wanasemezana. Hawajapendana, na sikuwaomba wapendane.

Lililobaki ni presha ya binti. Faili la mama lina nafasi ya jina la ndugu wa karibu na nambari ya simu, basi. Hakuna mahali pa kuandika kwamba huyo ndugu naye anaumwa. Tulimfungulia kadi yake kwenye kliniki ya presha karibu na kwao Likoni. Kliniki hiyo hufanyika Jumanne, siku ya sindano. Tumeomba abadilishiwe siku. Hadi ninapoandika haya bado hatujajibiwa, na dawa zake kaka wa bandarini ndiye anayempitia kuzichukua.